Mke wangu yuko leba, mimi niko nje: nifanye nini?

Baba Mtarajiwa, Kigoma Mjini

Ndugu wanajukwaa, habari za usiku. Tangu alasiri nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi hapa mjini, mke wangu akiwa ndani na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Alipopimwa mara ya mwisho tuliambiwa njia imefunguka sentimita tatu, akashauriwa atembeetembee na anywe uji, kisha mlango ukafungwa nikabaki na beseni, vitenge na chupa ya chai. Wanaume wenzangu hapa wanasema kazi ya baba ni kungoja aitwe, na mama mkwe ameanza kudokeza habari za mizizi ya kuharakisha uchungu inayouzwa na jirani yake kule Mwanga. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama sentimita tatu ni dalili ya kukawia, na kama lipo jambo la maana ninaloweza kulifanya huku nje, au nirudi nyumbani nikalale.

Mkunga wa Tabora

Pole kwa kungoja, ndugu yangu. Kwa uzazi wa kwanza, sentimita tatu si kukawia hata kidogo. Hatua hii ya mwanzo haina muda maalumu, na uchungu wake huja ukapoa, ukaja tena. Uchungu wenyewe tunauhesabu kuanzia sentimita tano, na kutoka hapo mzazi wa kwanza kwa kawaida havuki saa 12. Ile kanuni ya sentimita moja kila saa, ambayo ndugu wengi hutushikia bango nayo mlangoni, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba haiwafai wanawake wote.

Mizizi ikataeni, na mama mkwe aambiwe kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno. Dawa za namna hiyo zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi bila kipimo hadi mtoto akakosa hewa, au mfuko wenyewe ukachanika. Zaidi ya hapo, mkunga asiyejua mama amekunywa nini anaweza kumwekea dripu ya kuongeza uchungu juu ya dawa hiyo. Kama ameshaonja, semeni sasa hivi. Kugombezwa ni jambo dogo.

Muuguzi akitoka, usimuulize kama bado. Muulize njia imefika wapi na mapigo ya moyo wa mtoto yakoje; yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, yako katika kiwango cha kawaida. Mkeo naye ajue kwamba akianza kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu, kutokwa na damu, au maji yakitoka yakiwa ya kijani, amwite mkunga hapo hapo bila kuona haya.

Mama wa Wawili, Ujiji

Usirudi nyumbani, kaka. Nilipojifungua mtoto wa pili nilitokwa na damu nyingi, na aliyeniokoa, pamoja na wauguzi, ni shemeji yangu aliyekuwa hapo nje na damu yake ikatumika kufidia niliyoongezewa. Mume wangu alikuwa amekwenda kulala na simu imezimwa. Mpaka leo tunalizungumza kwa uangalifu. Tafuta watu wawili au watatu wenye umri wa miaka 18 hadi 65, wenye uzito wa kilo 50 na kuendelea, wakae tayari.

Kuhusu kuingia ndani, mimi sikubaliani na wanaodai kila baba aruhusiwe. Leba zetu nyingi ni chumba kimoja chenye vitanda kadhaa na pazia, na jirani wa mkeo naye ana haki ya kusitiriwa. Mzazi anastahili msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Basi omba kwa utaratibu aingie dada yake au shangazi yake, amkande mgongo na kumpa maji.

Mtu wa Mwambao, Uvinza

Naongeza la sisi wa Kalya na Buhingu, maana wengine watausoma mjadala huu mapema. Usingojee uchungu ndipo utafute boti, kwa sababu ziwa likichafuka hakuna nahodha wa kumbembeleza. Mama ahamie kwa ndugu mjini wiki kadhaa kabla ya tarehe yake. Dharura ikitokea, piga 115 bila malipo, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga.

Baba Mtarajiwa, Kigoma Mjini

Nawashukuru nyote. Shangazi yake amekubaliwa kuingia, na amenitumia ujumbe kwamba njia imefika sentimita sita na mapigo ya mtoto ni 142. Mama mkwe amenuna kidogo, ila amekubali kwenda kupika uji mwingine. Wadogo zangu wawili wanatoka Gungu na bodaboda, na simu yangu nimeichomeka kwenye chaji ya mlinzi.