Shamba limejaa maua ya porini baada ya masika, nilime au niache?

binti_wa_usa: Wakuu habari zenu. Nina kashamba huku Usa River, heka moja na nusu hivi, mwaka huu masika yamekolea basi kile kipande cha juu ambacho sijalima kimejaa maua, ya zambarau, ya njano, meupe madogo madogo, na kuna lingine la rangi ya chungwa linatoka kwa mafundo kwenye bua refu, ndege hawaliachi asubuhi. Jioni nachukua kigoda nakaa naangalia tu, Meru nao ukifunguka kule nyuma aisee siingii ndani. Sasa kijana wa shamba anataka apige dawa kote tupande maharage, na jirani ananicheka eti mtoto wa mjini anafuga majani. Kuna mtu ameacha kipande hivihivi?

mangi_kibosho: Maua hayaliwi dada, panda maharage 😂😂 Utani tu. Hilo la chungwa liache, wale ndege chozi wanafuata utamu wake. Mimi shida yangu ni hayo meupe. Majani yake yamechanika kama ya karoti? Kama ndiyo hilo ni gugu karoti, Arusha lilianza kuonekana 2010 na siku hizi limejaa kandokando ya barabara. Linawasha ngozi, mwenye pumu ndo kabisa, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mche mmoja unamwaga mbegu maelfu. Ling'oe na mizizi udongo ukiwa bado na unyevu, vaa glavu na mikono mirefu, tia kwenye kiroba uchome. Usitupe mtoni!!

binti_wa_usa: Nimetoka kuangalia sasa hivi, yamechanganyika, mengine ni kishona nguo tu ila huku chini kwa fensi ni karoti kabisa 😩

nyuki_mtamu: Basi ng'oa hayo ya fensi, dawa usipige, itaua mpaka hayo unayoyapenda. Mimi nina mizinga Sanya Juu, kipande changu nafyeka mara moja tu kwa mwaka, maua yakishakauka na mbegu zimedondoka, maana ukiwahi kufyeka mwakani hupati kitu. Karibu na nyumba weka fupi na katikati fyeka njia ya toroli kupita, nyoka utamuona mapema.

mama_wawili: Na lile linalotambaa lenye maua mekundu na njano yaliyopinduka juu kama moto, ndo ua la taifa la Zimbabwe, zuri balaa ila kiazi chake ni sumu kali, watoto wasichimbe. Halafu zungushia masale mpenzi, ile mimea ya kuwekea mipaka, hapo kila mtu atajua ni shamba la mtu sio pori.

binti_wa_usa: Asanteni sana. Masale wanauza wapi?

mama_wawili: Hayauzwi bana, muombe matawi huyohuyo jirani anayekucheka, unachomeka tu ardhini yanashika.