Pesa ya chama tuweke kwa hisa za kampuni za mitingi za video?

mwekahazina_umoja:
Wadau habari zenu. Chama yetu tuko watu 14, tulianzia Umoja lakini saa hii wengine wamehamia Kitengela, Juja, mmoja yuko Doha, kwa hivyo tangu korona mikutano yote ni kwa video, Alhamisi saa mbili usiku. Tumefikisha laki tatu na mwenyekiti ametoa wazo tununue hisa za Zoom sababu kila mtu anaitumia, kanisa wanaitumia, kesi zinasikizwa kwa video, watoto walisomea huko shule zikiwa zimefungwa, anasema hii kitu haiwezi kufa. Mimi ndio mweka hazina. Kuna mama anauza mboga Mutindwa hutoa mia tano kila wiki bila kukosa, pesa yake ikipotea nitamwangalia na macho gani? Naombeni ushauri wa ukweli, tununue ama tubaki tu na MMF (money market fund, ule mfuko wa riba tuko nao saa hii)?

hisa_na_subira:
Dada kwanza nikuulize, hiyo miaka yote chama imewahi kulipa Zoom hata shilingi moja? Ama ni zile dakika 40 za bure, zikiisha mnatoka mnaingia tena?

Nauliza sababu kutumiwa na watu na kuingiza pesa ni vitu mbili tofauti kabisa. Aprili 2020 walitangaza wamefika milioni 300 kwa siku, na hata hiyo namba ilikuwa ya washiriki wa mitingi si ya watu, mtu akiingia mitingi tano anahesabiwa mara tano, ilibidi wairekebishe. Lakini pesa pia iliingia, tusiseme uongo: mwaka wao wa hesabu ulioisha Januari 2020 mauzo yalikuwa kama dola milioni 622, uliofuata yakaruka hadi bilioni 2.65. Sasa angalia bei ya hisa. Iliingia sokoni Aprili 2019 kwa dola 36, Oktoba 2020 ikapita 560, mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya 70. Na mauzo hayakuanguka! Mwaka ulioisha Januari 2025 waliuza bilioni 4.6 na kitu. Kampuni iko, inapata faida, ina akiba kubwa, lakini aliyenunua kwa 560 ameumia, sababu alilipia ukuaji ambao ungehitaji watu wakae wamefungiwa nyumbani milele. Ni kama 2008 wakati wa hisa za Safaricom, watu walichukua loni wakanunua kwa shilingi 5, bei ikashuka, na loni ilikuwa bado inalipwa. Safaricom yenyewe haikuwa na shida yoyote.

fundi_waya:
Mimi nafunga vifaa vya mitingi kwa bodirumu, Upper Hill na Westlands sana sana, wacha niongee upande wa teknolojia.

Mkiwa 14, kama simu zingetumiana video moja kwa moja kila simu ingetuma nakala 13, bandos ingeisha kabla ya maombi ya kufungua. Kwa hivyo unatuma moja kwa seva, seva ndio inagawia wengine. Na hiyo seva kama iko Ulaya, sauti ya mtu wa Juja inashuka hadi Mombasa, inapita kwa nyaya za chini ya bahari, inarudi tena njia hiyo hiyo ndio imfikie mtu wa Umoja, ndio maana mnaongea mkigongana.

Zamani kufanya hii kazi ilikuwa siri ya wachache. Lakini Google ilinunua kampuni inaitwa Global IP Solutions 2010, ikachukua ile teknolojia ya sauti na picha na 2011 ikaitoa bure kwa dunia, ndio hiyo WebRTC iko kwa karibu kila brauza saa hii. Tangu hapo kupiga video si ajabu tena, swali ni nani tayari yuko kwa mkataba wa ofisi. Kampuni ninazofungia nyingi zinalipia Microsoft kwa sababu ya imeli na Excel, Teams iko humo ndani, sasa mtu wa fedha anauliza kwa nini tulipe mara mbili. Na hata Microsoft yenyewe, ilinunua Skype 2011 kwa dola bilioni 8.5, Mei 2025 ikaifunga. Dada, hii biashara inahitaji roho ngumu.

mhasibu_ngara:
Hamjagusa dola, na hisa za Zoom zinanunuliwa kwa dola, si shilingi. Mimi nilinunua dola Januari 2024 ikiwa karibu 160, mwisho wa Machi ilikuwa karibu 131. Fanya hesabu, laki tatu kwa 160 ni dola 1,875, ukizirudisha kwa 131 unapata 245,625. Elfu hamsini na nne zimeenda na hisa haijasonga hata senti. Halafu Zoom haitoi gawio, tumaini lenu lote ni bei ipande. Mkiamua kununua, pitieni kwa broka mwenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji), akaunti iwe ya chama na isiwe ya mwenyekiti, na muangalie vizuri herufi za hisa yenyewe kwa soko, ni ZM. 2020 watu walinunua kampuni nyingine kabisa yenye herufi ZOOM hadi wasimamizi wa Marekani wakasimamisha biashara yake.

mwekahazina_umoja:
Asanteni sana, nimenakili zote nitawasomea Alhamisi. Nitapendekeza laki mbili na themanini zibaki MMF, na kama mwenyekiti bado anataka, elfu ishirini zijaribiwe huko na kila mtu akubali kwa sahihi. Na hapana, hatujawahi kulipa. Dakika 40 zikiisha natuma linki mpya kwa WhatsApp, na yule mama wa Mutindwa ndio huchelewa kurudi, sababu ananunua kwanza bandos ya mbao.