Maji ya kisima yamegeuka kahawia kwenye kifaa cha muuzaji wa mashine za kuchuja. Ni uchafu kweli?

MamaSalha_Kgmb: Habari za jioni wakuu. Leo kapita kijana anauza mashine za kuchuja maji. Kajaza glasi mbili, moja maji yetu ya kisima, nyingine ya mashine yake. Katumbukiza vijiti vya chuma, kachomeka kwenye umeme. Yetu yakatoa mapovu, yakawa kahawia, matope juu. Yake meupe vilevile. Eti ndiyo sumu tunayokunywa. Mume wangu keshaanza kuhesabu hela.

chapakazi77: Mbagala nako walipita hao. Mtimue.

MwlKemia: Mama Salha, mwambie baba Salha arudishe hela mfukoni. Ile kahawia ni kutu, na imetoka kwenye vijiti vyenyewe.

Umeme ndani ya maji hubebwa na ioni, chembe zenye chaji zinazoachiliwa chumvi na madini yakiyeyuka. Visima vya Kigamboni havikosi chumvi, bahari si hiyo hapo? Umeme umepita vizuri, ukala kijiti. Maji ya huyo muuzaji yamenyang'anywa karibu chumvi yote, umeme haupiti wa maana, kutu itoke wapi? Maji safi kabisa hupitisha maikrosimensi (kipimo cha upitishaji umeme) 0.055 tu kwa sentimita. Ya bahari, kama 50,000.

Akirudi, mwambie atie sukari kwenye maji yake. Hayatabadilika, maana sukari huyeyuka molekuli nzimanzima, haina chaji. Kisha atie chumvi ya kupikia. Hapo "sumu" itajitokeza mbele ya macho yenu. Ila asiguse mtu glasi ikiwa imechomekwa, huo ni umeme wa ukutani!

chapakazi77: Na kile kikalamu cha TDS, cha kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini? Changu kilisoma 640.

MwlKemia: Hicho si utapeli, ila nacho hupima upitishaji umeme tu, kisha huzidisha kwa 0.5 hadi 0.7 kukisia miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 ladha ni nzuri. Ikipita 1,000 hayanyweki vizuri. Hakitofautishi chumvi na floraidi, na vijidudu hakivioni. Maji yanaweza kusoma 80 na yakakulaza wodini. Kwa hilo peleka sampuli maabara ya maji.

MamaSalha_Kgmb: Asante mwalimu. Tukichemsha, chumvi inapungua?

MwlKemia: Hapana, mvuke ukipaa inazidi kidogo. Ule utando mweupe wa sufuriani ni chokaa tu. Lakini chemsheni, kwa ajili ya vijidudu.