Nina cheti cha VETA cha kurasimisha ujuzi, HR kanambia "hiki si cha kusoma"

Wakuu, nimekaa na hili siku tatu limenikaba koo, acha niliteme.

Mimi ni mwashi. Kazi nimefundishwa na mjomba wangu Mbagala, mwaka 2004, nikianza saidia fundi wa kubeba udongo na madumu ya maji. Darasa la ufundi sikuwahi kulikalia. Nyumba nilizopandisha kuanzia msingi hadi linta nilishaacha kuzihesabu.

Miaka yote hiyo wimbo wa getini ni mmoja: "Cheti kiko wapi?" Haya, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Nikajiandikisha. Na asikudanganye mtu kwamba vyeti vile vinagawiwa kama njugu. Kwanza tulihojiwa mmoja mmoja. Kisha vitendo: jenga kona, tofali za kuchoma, kozi sita, yaani mistari sita. Jamaa akaja na timazi, akaining'iniza, akangoja itulie, kimya. Akaweka pima maji kozi kwa kozi. Akapima viungo vya udongo kimoja kimoja kama anatafuta shilingi yake iliyodondoka. Mwisho skwea, kuona kama kona imekaa mraba: futi tatu huku, nne kule, akavuta tepu kukatisha. Tano kamili! Ndipo nikamwona meno. Nilipopwaya ni kwenye kusoma ramani, nao hawakunionea haya, wakanikalisha darasani wakanifundisha hapo hapo nilipopungua. Cheti nilikitolea jasho.

Wiki iliyopita nikasikia mkandarasi mmoja (simtaji, nina watoto) anatafuta waashi. Jengo lenyewe la umma, hela za umma. HR akakishika cheti changu kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma, akauliza, "Hivi si ndiyo vile vya mtaani? Sisi tunataka cha chuo. Hiki si cha kusoma."

Nikamwambia dada, tazama muhuri, ni wa VETA wenyewe. Akanijibu, "Kaka yangu, mimi nina maelekezo."

Formeni akanifuata nje. "Fundi, kazi ipo, ila uingie kama saidia." Fundi pale anakula elfu thelathini kwa siku, saidia kumi na tano. Nikakubali, nyumbani kuna watu wanaokula.

Siku ya kwanza, saa nne haijafika, ukuta wa dogo mmoja mwenye cheti cha chuo umetoka tumbo. Dogo mwenyewe simlaumu, ana adabu, mkono tu haujazoea. Formeni akaniita: "Mzee, hebu shika mwiko." Nikabomoa kozi nne, nikapandisha upya mpaka jioni. Kesho yake ndiyo ikawa kazi yangu rasmi, kunyoosha kuta za wenye vyeti. Jumamosi tunalipwa, karani anafungua daftari, jina langu liko kwenye ukurasa wa vibarua. Kumi na tano mara siku nilizofanya. Formeni anatazama pembeni.

Sasa nauliza, huo ujuzi umetambuliwa na nani? Mkandarasi ana bodi yake, kwa sheria ya 1997, na kapangwa madaraja. Mhandisi ana bodi. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wana bodi. Hata fundi sanifu anasajiliwa kwenye bodi ya wahandisi. Fundi mchundo kama mimi, ambaye mkono wangu ndio unaogusa tofali, naishia kwa HR asiyejua timazi ni mdudu gani! Shemeji yangu yuko Mombasa, naye hakusoma chuo, huko NCA, mamlaka ya ujenzi ya Kenya, wanawatambua mafundi wenyewe, siyo makandarasi peke yao. Sisemi kwao ni peponi, malalamiko yao nayasikia kila nikimpigia. Lakini angalau ana mahali pa kubisha hodi.

Na wale wa "si urudi chuo tu mkuu", nyamazeni kidogo. Nirudi nikafundishwe kujenga kona ile ile waliyonipimia?

Nachotaka kujua: kuna fundi humu aliyepeleka cheti cha urasimishaji kwenye mradi mkubwa akalipwa kama fundi? Alimwonyesha nani, na kama walimkatalia alishtaki wapi? Jumatatu saa moja natakiwa saiti, na ule ukuta wa ngazi nao umeshaanza kulala.