Mjadala: Fedha za kuwafundisha vijana wetu lugha za kigeni zinunue bando au zimlipe mwalimu?

Mwanzisha mada, Kiwengwa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Barazani kwetu, na hata katika vikao vya wazazi, hoja moja imekuwa ikirudi kila mara: kwamba fedha tunazochanga kuwalipa walimu wa lugha kwa ajili ya vijana wanaotafuta kazi za utalii ni bora zinunue vishikwambi na bando, kwa kuwa siku hizi programu za simu zinafundisha bure, saa yoyote, bila ya mwalimu. Mimi naipinga hoja hiyo. Nisifiche kuwa nafundisha darasa la jioni na riziki yangu imo humu, kwa hiyo nipimeni kwa hoja zangu. Mifano yangu nitaitoa katika Kiitaliano, kwa sababu huku Kiwengwa, ufukweni Unguja, ndiyo lugha inayomfungulia kijana mlango wa hoteli.

Simu ina haki yake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonesha jinsi tunavyosahau haraka na jinsi marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanavyoshinda kukariri kwa mkupuo. Programu za simu hufuata njia hiyohiyo: neno ulilokosea hurudishwa leo, ulilolipata husubiri. Hakuna mwalimu wa wanafunzi thelathini anayeweza kumfuatilia kila mmoja namna hiyo, na mimi mwenyewe hesabu, siku za wiki na majina ya vyombo vya mezani niliyapata kwa simu, nikiwa ndani ya gari la shamba kwenda mjini.

Ninachokipinga ni njia tunayopitishwa. Programu zote nilizowahi kuzitumia zilinitaka nipite kwanza kwenye Kiingereza ndipo nifike kwenye Kiitaliano, na kwa Mswahili huo ni mzunguko usio na sababu. Mwitaliano mwenye njaa husema "ho fame". Neno "ho" ni "nina", na "fame" ni "njaa": nina njaa, neno kwa neno. "Ho sete" ni nina kiu, na "ho vent'anni" ni nina miaka ishirini. Mwingereza hasemi hivyo. Yeye katika yote matatu hutumia kitenzi cha "kuwa", wala si cha "kuwa na". Matokeo yake, kijana anayefasiri kutoka Kiingereza huniandikia "sono fame", yaani "mimi ni njaa", na kosa hilo hulikuta zaidi kwenye madaftari ya waliosoma Kiingereza vizuri skuli.

Tazameni na sarufi. "Libro rosso" ni kitabu chekundu, "libri rossi" ni vitabu vyekundu: sifa inalifuata jina na inabadilika pamoja nalo, mambo ambayo Kiingereza hakifanyi hata moja. "Parlo" peke yake ni "nasema", kwa sababu mtendaji amekwisha ingia ndani ya kitenzi kama anavyoingia kwetu. Mtoto wa Kizanzibari anao upatanisho huu mdomoni kabla hajaanza skuli, hata kama hajui jina lake. Mwalimu anayekijua Kiswahili humwambia akumbuke ki- na vi-, naye akaelewa siku hiyohiyo, ilhali programu humtaka auweke kando ujuzi alionao na aanze upya kwa lugha ambayo bado anaihangaikia.

Halafu kuna suala la matamshi. "Casa" ni nyumba, na "cassa" ni mahali pa kulipia. Tofauti yao ni kukazwa kwa "s", na sisi sote kukaza herufi tulifundishwa katika chuo cha Kurani kwa jina la shadda, na mwalimu wa chuo hakukubali uipite aya ikiwa umeiacha. Kijana mmoja wa mapokezi aliulizwa na mgeni iko wapi "cassa", akasikia "casa", akamwelekeza mama wa watu chumbani kwake alikotoka, na begi mkononi. Jioni ile nilichukua programu niliyokuwa nikiitumia, nikalitamka neno "cassa" bila ya shadda mara tano kwa makusudi. Mara zote tano ilinipa tiki ya kijani.

Mchangiaji, Wete

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Maneno yako juu ya "ho fame" nimeyakubali, maana kosa hilo nimelifanya sana. Lakini unazungumza kama mtu aliyezungukwa na Waitaliano. Huku Pemba hoteli za wageni zinahesabika, na hapa Wete mwalimu wa Kiitaliano simjui hata mmoja. Mimi ni binti. Mchana nina skuli na kazi za nyumbani, na darasa la usiku baba hakubali, wala sioni kuwa ana makosa. Muda wangu ni baada ya Isha, nimelala ubavuni mwa mdogo wangu, sauti ya simu nimeizima asiamke. Kwa miezi minane ya namna hiyo naweza kusoma orodha ya vyakula na kuandika barua fupi ya kuomba kazi. Fedha za bando akipewa mwalimu wa Kiwengwa, mimi nabaki na nini?

Na walimu nao si wote sawa. Wapo walioiokota lugha ufukweni, nao huwafundisha wenzao kumwita mgeni mtu mzima "tu", kama rafiki wa rika lake, badala ya "Lei" ya heshima.

Mwanzisha mada, Kiwengwa

Mwanangu, umenishika pazuri. La "tu" na "Lei" ni kweli tupu, na hata wanafunzi wangu wapo waliokuja nalo kutoka ufukweni. Na darasa la usiku nililipanga bila ya kumfikiria binti asiyeweza kutoka. Hilo ni kosa langu na nalikubali hapa mbele ya wote.

Lakini umesema sauti umeizima. Basi miezi minane hujaisikia shadda hata mara moja, na hakuna aliyekusikia wewe.

Duolingo, programu ya simu ya kufundishia lugha iliyoanzishwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 2011 na Luis von Ahn na Severin Hacker, ilitoa kozi ya Kiswahili mwaka 2017, na kozi ile iliandikwa kwa wasemao Kiingereza. Wasemao Kiingereza wanatufikia kwa lugha yao wenyewe, na ni haki yao; nasi tuwafikie wengine kwa lugha yetu. Kwa hiyo nalibadilisha pendekezo langu: bando lako libaki, na fedha nyingine zimlipe mwalimu anayezijua lugha zote mbili arekodi masomo mafupi kwa Kiswahili, ya dakika tano tano, yatumwe kwa WhatsApp katika kundi la wazi ambalo wazazi nao wamo, na kila mwanafunzi ajibu kwa sauti yake, asahihishwe.

La kwanza nitalirekodi mwenyewe wiki hii, bila ya malipo. Baba yako akiridhia kuingia kundini pamoja nawe, tutumie sauti yako ukisema "dov'è la cassa", mchana, mdogo wako akiwa macho.