Naomba ushauri: kuchaji betri njiani, Nakuru hadi Kisumu kwa baiskeli

Wadau, hamjambo. Mwezi ujao mimi na binamu yangu tunatoka Nakuru kwa baiskeli, tupite Mau Summit na Kericho, tushukie Ahero hadi Kisumu. Tutalala kwenye hema, kwa hivyo soketi ya ukutani si ya kutegemea. Tuna simu mbili, na tochi za betri ndogo za AA, zile za kuchaji za volti 1.2.

Fundi wangu ananishawishi nifunge dainamo ya kwenye habu, yaani ya kuzalisha umeme katikati ya gurudumu likizunguka: volti 6, wati 3, pamoja na kifaa cha kuugeuza umeme uwe wa USB, volti 5. Sawa, lakini tukishapita Salgaa ni kupanda tu, tutakuwa tunajikokota, na dainamo bila mwendo haitoi kitu cha maana. Sola ya kufunga kwenye keria nayo naiogopea Kericho. Mvua ya alasiri huko mnaijua.

Aliyewahi kusafiri hivi anisaidie: si heri pawabenki kubwa, niichaji hotelini tukinywa chai? Na ukichomeka simu moja kwa moja kwenye sola, wingu likipita inaacha kuchaji mpaka uichomoe na kuichomeka upya? Hizo AA mnazichajije?