Picha za ndege za kivita za 1914–1918: ni haki kuzitia rangi kwa akili mnemba?

Wakuu, kuna hoja haiishi kwenye mijadala ya historia. Picha za ndege za Vita Kuu ya Kwanza hakimiliki yake imekwisha, ni mali ya umma, basi yeyote azitie rangi kwa akili mnemba na kuzisambaza. Watetezi wanasema vijana hawana hamu na picha nyeusi na nyeupe. Kisheria, kwa picha nyingi, wako sahihi. Mimi napinga.

Vioo vya kupigia picha na filamu nyingi za wakati ule havikuhisi mwanga mwekundu. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi, na bluu ikatoka imepauka. Chukua alama ya duara kwenye mabawa. Waingereza waliweka nyekundu katikati na bluu nje. Wafaransa bluu katikati, nyekundu nje. Kwenye picha ya SPAD, ndege ya kivita ya Kifaransa, basi, duara la nje huonekana jeusi na la ndani hafifu. Programu haijui kemia hiyo. Ikiona weusi inabahatisha bluu iliyokoza, na hapo ndege ya Mfaransa imeshakuwa ya Mwingereza.

Halafu kuna Fokker Dr.I ya rubani wa Kijerumani Manfred von Richthofen, ile ndege ya mabawa matatu. Sote tunajua ilikuwa nyekundu, lakini si picha iliyotuambia. Tunajua kwa maandishi ya waliokuwepo, na kwa vitambaa vilivyochanwa kwenye mabaki alipoangushwa karibu na mto Somme, Ufaransa, tarehe 21 Aprili 1918. Vingine vimehifadhiwa Australia hadi leo. Tena si kila Fokker aliyorusha ilikuwa nyekundu mwili mzima, nyingine zilipakwa sehemu tu. Mashine itayajulia wapi hayo?

Mtu akichambua vitambaa na ripoti, akapaka kwa mkono na kusema wazi wapi amekisia, namheshimu sana. Hiyo ni kazi ya utafiti.

Na rangi halisi zipo! Ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza vioo vya otokromu, vinavyonasa rangi moja kwa moja, mwaka 1907, na kufikia 1917 jeshi la Ufaransa lilikuwa na wapiga picha wanaovitumia. Vilihitaji mwanga mwingi na sekunde kadhaa, kwa hiyo ndege utakayoiona humo imetulia ardhini. Ukiletewa picha ya rangi ya Fokker ikipigana angani, rangi hiyo imewekwa baadaye.

Ninachotaka si kikubwa: picha ya asili iwekwe pembeni, na maneno "imetiwa rangi" yaandikwe juu ya picha yenyewe, maana maelezo ya chini hupotea ikisambazwa mara ya kwanza tu.

Mnaoona napitiliza, nijibuni hili: mwanafunzi akikuta ndege moja katika picha tatu, ya kijani, ya kahawia na ya bluu, zote hazina maelezo, aamini ipi, na kwa kigezo gani?